Dhamana ya Chumba Namba Kumi na Saba

Vijana wa gereji ya Doha mmeniomba niandike. Mmesema mzee Hemedi ana maneno, ayaweke kwenye karatasi kabla hajasahau. Kwanza, mimi si mzee, nina miaka hamsini na tatu na meno yangu yote isipokuwa mawili. Pili, mimi sisahau. Kusahau ni kwa waliosoma sana, wao wana pa kuandika. Mimi niliishia darasa la nne kule Muheza, kila kitu nimekiweka kichwani, pamoja na majina ya walionikosea. Majina hayo nitayataja. Atakayeliona lake akakasirika, nyumbani kwangu anapajua.

Habari za mshahara na vyeo sitaziandika, hazina utamu. Mnachoniuliza kila mara kwenye simu ni kimoja: "Mzee, mwenzetu kashikwa, ofisi ya dhamana Doha iko wapi?" Jibu lake lina kona nyingi. Kaeni vizuri.

Niliingia Doha miaka ya elfu mbili, mji ukiwa bado unachimbwa. Siku ya kwanza, kabla hata ya kupewa maji, alipita mtu wa kampuni na boksi la biskuti akisema, "Jawazi, jawazi." Ndiyo pasipoti kwa lugha ya kule. Tukazitumbukiza mle kama watu wanaotoa sadaka msikitini. Yangu niliiona tena baada ya miaka mingi. Likumbukeni hilo boksi.

Nikapangiwa Sanaya, eneo la viwanda, kemp yetu, yaani kambi ya wafanyakazi, chumba namba kumi na saba, watu kumi na sita, feni moja. Nikapewa basi la kuwapeleka mafundi uashi saiti na kuwarudisha. Basi hilo tuliliita Bibi Harusi, kwa sababu lilikuwa haliendi mpaka lisukumwe. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Wasswa, dereva Mganda wa Masaka, mtu mrefu, mpole, aliyekuwa na suti moja aliyoitunza ndani ya mfuko wa mchele. Kuhusu mizunguko ya barabara za kule, yaani vipilefti, aliniambia, "Ssebo," yaani bwana kwa Kiganda, "hapa anayeogopa haingii, na anayeingia asiogope. Chagua sasa, nyuma wanapiga honi."

Wasswa ndiye aliyenipa kifaa changu cha maana kuliko usukani: daftari. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha basi, andika ubovu wake, kisha umpelekee msimamizi wa madereva atie sahihi. Kuandika kulinichosha, nikawa nachora. Taa mbovu, jicho. Wiper, mwavuli. Breki, ndala. Wasswa alicheka, lakini akasema, "Chora tu. La muhimu ni sahihi."

Msimamizi mwenyewe alikuwa Mtanzania mwenzetu. Jina lake Gervas, na simfichi. Gervas alikuwa na sahihi nzuri, ndefu, yenye mkia kama tai ya harusi, na aliitia bila kutazama juu yake pamechorwa nini. Nilichora ndala siku nyingi mfululizo. Siku moja nikamwambia kwa mdomo.

"Bosi, breki hazishiki."

"Zinashika kidogo?"

"Kidogo."

"Basi zinatosha. Wewe unaendesha basi, huendeshi ndege." Akatia sahihi. Mkia ukaenda hadi pembeni ya karatasi.

Alhamisi moja mchana narudi na mafundi, nafika kwenye mzunguko, nakanyaga, mguu unakwenda mpaka chini kama nimekanyaga uji. Mbele yangu pikapu ya matikiti. Nikaipiga ubavuni. Matikiti yakabiringika barabarani kama watoto waliotoka shule. Dereva wa pikapu, Mpathani mmoja wa Pakistani aitwaye Gul, akavunjika mfupa wa bega. Nashukuru Mungu ni bega tu. Mafundi wangu, Wanepali thelathini na nane, wakashuka kusaidia. Wengine walimsaidia Gul, wengine walikula ushahidi.

Polisi wakanichukua. Sikupigwa, sikutukanwa, nilipewa maji na mkate. Lakini dereva aliyemuumiza mtu halali kwake mpaka apatikane wa kumdhamini. Na mimi nilikuwa na shida nyingine kubwa kuliko mahabusu. Kule wiki ya kazi inaanza Jumapili. Dereva asipoonekana kwenye basi Jumapili asubuhi, msimamizi anaweza kumwandika mtoro. Ukishaandikwa mtoro unarudishwa kwenu, mlango unafungwa nyuma yako, na hakuna atakayeuliza habari za breki. Nyumbani nilikuwa na watoto wanne na nyumba iliyofika kwenye linta. Nilitakiwa niwe nje kabla ya Jumapili. Hilo tu.

Mtasema Gervas hakujua nilipo. Alijua! Alikuja kituoni jioni ile ile kuulizia basi. Nilimwona upande wa pili wa kaunta, nikamwita, "Bosi! Gervas!" Akatazama saa yake kama mtu aliyeachwa na treni, akatoka. Basi alilidhamini. Mimi akaniacha.

Yaliyotokea kemp alinisimulia Wasswa baadaye. Watu wa chumba kumi na saba walikaa kikao Ijumaa baada ya swala. Sasa nyie mnajua dhamana ya kwetu: wadhamini wawili, na barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri. Uganda nako ni vilevile, mwenyekiti wa kijiji asipoandika, hutoki. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza kama Doha wana utaratibu wao. Swali lililoulizwa lilikuwa moja: "Mwenyekiti wetu wa mtaa ni nani?" Hatukuwa naye. Wakaitisha uchaguzi. Wasswa akashinda kwa kura tisa, akimbwaga Mkenya mmoja ambaye sera yake ilikuwa harambee.

Uongozi umepatikana, muhuri je? Hapo anaingia Kibwana. Kibwana alikuwa na duka la kutoa kopi mtaa wa Al Mansoura, na nyuma ya duka alijiita ofisi ya dhamana. Ofisi ilikuwa kiti kimoja na kalenda. Aliwaambia wenzangu, "Dhamana bila muhuri ni ombi." Akawachongea muhuri wa duara, wino wa bluu: SERIKALI YA MTAA, CHUMBA NA. 17, DOHA. Katikati akaweka twiga, maana mashine haikuwa na mnyama mwingine. Kibwana, kama unasoma hapa, twiga yule ulituuzia kwa bei ya ng'ombe.

Jumamosi asubuhi nimekaa kwenye benchi kituoni, mlango unafunguliwa, anaingia Wasswa ndani ya suti yake, inanukia mchele. Nyuma yake wadhamini wawili wamechana nywele. Wasswa akaweka barua kwenye kaunta kwa mikono miwili.

Sajini akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena kichwa chini.

"Hii nini?"

"Barua ya mwenyekiti," akasema Wasswa kwa Kiarabu chake cha barabarani.

"Mwenyekiti yupi?"

"Mimi."

"Mwenyekiti wa nini?"

"Chumba."

Sajini akawaita wenzake wawili waliokuwa wanakunywa chai. Wakautazama muhuri. Mmoja akaweka kidole juu ya twiga. "Na huyu?"

"Huyo ni wa Tanzania," akasema Wasswa. "Mimi ni wa Uganda. Tumeungana."

Walicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kaunta. Mimi pale benchini sikucheka, nilikuwa nahesabu saa za kufika Jumapili. Lakini yule sajini alikuwa mtu mzima. Alifuta macho, akaikunja barua vizuri, akaeleza polepole kwa mikono. Hapa hawataki karatasi. Hapa dhamana ni mtu, na mtu ni jawazi yake. Mdhamini anaiacha pale kituoni, na mshitakiwa akitoroka, mdhamini haendi popote mpaka apatikane. "Jawazi yako iko wapi?"

"Kampuni," akasema Wasswa.

"Na wewe?"

"Kampuni."

"Na wewe?"

"Kampuni."

Zote kumi na sita zilikuwa ndani ya lile boksi la biskuti, kwenye kabati, na ufunguo wa kabati ulikuwa kiunoni kwa Gervas. Hapo ndipo suti ya Wasswa ilipomlegea mabegani. Sajini hakucheka tena.

Nilimjua mtu mmoja tu Doha nzima aliyeshika pasipoti yake mkononi. Zuhura, mpishi katika nyumba moja Al Wukair, Mzanzibari wa Makunduchi. Bibi wa nyumba ile alimpa pasipoti siku ya kwanza akamwambia, chako kaa nacho, mimi nina vitu vyangu vya kupoteza. Zuhura alikuwa anatupikia vitumbua vya Ijumaa, na mimi ndiye niliyekuwa namsogeza na Bibi Harusi. Nilijua pia kwamba mwezi unaofuata anakwenda likizo. Binti yake alikuwa anatarajia mtoto wa kwanza. Kwa hiyo nilimwambia Wasswa asimpigie. Wasswa akasema, "Mimi ni mwenyekiti," akapiga.

Alifika baada ya swala ya adhuhuri, amevaa baibui, mkoba kwapani, hasira usoni.

"We Hemedi! Nimeacha biriani jikoni la watu ishirini. Umeua?"

"Sijaua, dada. Nimegonga matikiti."

"Matikiti ndiyo yanakuweka ndani?"

"Na bega la mtu."

Wasswa akamweleza habari ya pasipoti, na akamweleza yote: ataiacha pale, na hataondoka Doha mpaka kesi iishe. Zuhura akakaa kwenye benchi karibu yangu.

"Itaisha lini?"

"Sijui, dada."

"Kabla ya mwezi ujao?"

"Sijui. Rudi jikoni. Mimi nitajua la kufanya."

"Ungejua la kufanya ungekuwa hapa?" Akasimama, akafungua mkoba, akaiweka pasipoti kwenye kaunta, lakini mkono akaubakiza juu yake. "Sikiliza we mwanamme wa Muheza. Ukikimbia, mimi najifunga hapa. Nitakulaani kwa Kimakunduchi, na laana yake haina tafsiri."

Sajini akachukua kalamu, akamwuliza, "Huyu ni nani kwako?"

Zuhura akanitazama, shati limechanika, nanuka mahabusu. "Ndugu," akasema.

"Ndugu wa baba au wa mama?"

"Wa vitumbua."

Sajini akaandika ndugu.

Jumapili kabla jua halijachomoza nilikuwa nimesimama kando ya basi, nimeoga, nimepaka mafuta. Gervas akaja na kalamu na fomu ya watoro. Jina langu alikuwa keshalijaza.

"Hemedi?"

"Nipo, bosi."

"Umetokaje?"

"Kwa mlango."

Akaikunja fomu akaiweka mfukoni. Nikampa daftari. Nilikuwa nimechora ndala. Akatia sahihi! Wallahi, akatia sahihi.

Kesi ikapangwa siku ya kazi, asubuhi. Nikaomba ruhusa. Gervas akasema, "Ruhusa hakuna. Ukikosa zamu nakuandika mtoro."

"Nikikosa mahakama, Zuhura haendi kwao."

"Zuhura ni dereva wangu?"

Hapo nikaona alivyonifunga. Nikienda ni mtoro wa kampuni, nisipoenda ni mtoro wa mahakama na Zuhura ananilipia. Asubuhi ile nikapakia mafundi wangu kama kawaida, nikasimamisha basi kando ya barabara, nikawageukia. Kwa maneno yetu ya saiti, nusu Kihindi nusu vidole, nikawaeleza. Mmoja wa mbele akauliza, "Yule mtu wa matikiti?" Nikasema ndiye. Wakashauriana. Wale waliokula ushahidi walikuwa wa kwanza kunyoosha mikono. Kwa hiyo sikukosa zamu. Nilikuwa kazini, ndani ya basi la kampuni, na abiria wote wa kampuni, tukiwa tumeegesha nje ya mahakama.

Ndani, mkalimani akanisaidia, nami nikatoa daftari. Hakimu akafungua kurasa moja baada ya nyingine.

"Hii ndala ni nini?"

"Breki, mheshimiwa."

"Kwa nini breki ni ndala?"

"Ndiyo iliyokuwa inasimamisha basi."

"Na sahihi hii chini ya kila ndala?"

Nikalitaja jina, polepole, herufi zote. Ndiyo raha kubwa niliyoipata katika kazi ile. Gul naye alikuja, mkono umefungwa shingoni. Akasema mimi dereva amenisamehe, hilo limeisha. Kampuni na matikiti yake ni habari nyingine, hiyo hajasamehe na hana mpango huo.

Hata hivyo karatasi za mahakama zina mwendo wao, na Bibi Harusi ilikuwa na mbio kuliko hizo. Nilirudi mara tatu. Pasipoti ya Zuhura ilipotoka, mjukuu alikuwa keshatoka arobaini. Zuhura hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma. Aliporudi kutoka likizo alinionyesha picha ya mtoto wa kike mwenye mashavu. "Kwao wanamwita Rahma," akasema. "Mimi namwita Dhamana. Akilia nasema, mwacheni, keshazoea kungoja."

Kampuni ikatengeneza breki. Gervas akapandishwa cheo. Niliwaambia vyeo sitavizungumzia, lakini hicho kimenikaa.

Basi, jibu la swali lenu ni hili: ofisi ya dhamana haipo. Atakayewaambia iko Al Mansoura nyuma ya duka la kopi, mwulizeni kama ana twiga. Mwenzenu akishikwa, jueni kwanza yuko kituo gani na kwa kosa gani, maana mtu akiogopa husema "nimeshikwa" akakata simu. Chukueni namba ya kesi yake mkaiandike mahali pawili. Mtafuteni mtu mwenye jawazi yake mkononi na ambaye hana safari karibuni, na mwambieni ukweli kabla hajaiweka kaunta, kama Wasswa alivyomwambia Zuhura. Kuna kesi haina dhamana kabisa. Hiyo tafuteni wakili na watu wa ubalozi, msisumbuane. Na aliyedhaminiwa awe mahakamani kabla mlango haujafunguliwa. Haya ni ya wakati wangu. Sheria za kule zinabadilika, ulizeni kwanza, msiende na barua.

Miaka ilipokwenda, pasipoti zikaanza kurudi kwa wenyewe. Siku niliyokabidhiwa yangu ilikuwa inanukia biskuti. Wasswa alikuwa keshaondoka kwenda Masaka, aliniachia muhuri, akasema, "Ssebo, serikali isife." Tangu hapo mwenye matatizo alinipigia mimi. Pasipoti yangu imelala vituoni kuliko nilivyolala mimi kitandani. Hakuna hata mmoja aliyenikimbia, isipokuwa kijana mmoja aliyekimbia nusu siku akarudi kwa sababu ya njaa.

Mwaka wangu wa mwisho, tiketi ya kurudi nyumbani iko mfukoni, simu ikalia. Namba siijui.

"Hemedi? Ndugu yangu."

Sauti niliijua. Gervas. Kampuni ile ilikuwa imekwisha, yeye akawa dereva wa gari dogo, na kwenye mzunguko, kwenye mzunguko nyie, alikuwa amemwonyesha mtu kidole. Kidole kule ni kesi. Alikuwa kituoni. Alikuwa amewapigia watu wote wenye vyeo aliowajua, na watu wote wenye vyeo walikuwa kwenye mkutano.

"Bosi," nikamwambia, "una barua ya serikali ya mtaa?"



"Hemedi, usinifanyie hivyo. Najua nilikukosea."

"Ulinikosea lini?"

"Siku ile kituoni. Nilikuona."

Nilikaa kitandani. Miaka yote ile nilitaka aseme hilo neno, na lilipotoka lilikuwa dogo tu, kama mbegu ya tikiti. Nikampigia Zuhura kumwuliza nifanye nini. Akasema, "Mimi niliweka ya kwangu kwa mtu anayenuka. Wewe unataka anayenukia?"

Nikaenda. Sajini alikuwa kijana, simjui. Nikaweka pasipoti kwenye kaunta, tiketi yangu ikiwa bado ndani yake. Akauliza swali lilelile, "Huyu ni nani kwako?" Nikamtazama Gervas pale benchini, mvi zimemtoka, mkanda wamemvua, suruali kaishika kwa mkono.

"Ndugu," nikasema.

Nje nikampa masharti yangu. Ndiyo maana mlinisubiri kwenye sherehe yenu ya kuniaga mpaka wali ukapoa: nilichelewa kustaafu miezi mitatu, nikingoja kesi ya kidole. Siku zote hizo Gervas alikuja mlangoni kwangu kila asubuhi kabla ya kazi. Nilimpa daftari lile lile la ndala, kurasa za nyuma. Alikuwa anaandika, "Nipo, sijatoroka," halafu sahihi yake ndefu yenye mkia. Nami nilikuwa napuliza wino, nasoma kwanza, neno kwa neno, juu mpaka chini. Nikiridhika, nagonga twiga.